Ganda la Mgomba Kwenye Shingo ya Taa

Baba yangu Casimir alikuwa na hadithi moja, na kila mtu aliyeingia kwenye kiwanda chetu cha mjini Baraka, kando ya ziwa, aliisikia, awe amekuja kutafuta kioo cha taa au amekuja kuomba kaa la moto tu.

Hadithi yenyewe ni hii. Baba alifanya kazi miaka minne Albertville kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akiyeyusha chupa zilizovunjika na kuzipuliza upya. Mgiriki alipofunga kazi kurudi kwao, alimwachia Baba bomba moja la chuma, lile la kupulizia. Mwaka wa 1950 Baba akarudi Baraka na bomba begani, akajenga tanuru nyuma ya nyumba, akamwita mdogo wake Anatole avute mivukuto, wakaanza kupuliza vioo vya taa za wavuvi. Vioo vya mwanzo havikukaa. Taa za huku hazifanani. Nyingine zilitoka Kigoma, nyingine Usumbura, nyingine ziliungwa na mafundi wa mabati kwa makopo, na kila taa ina shingo yake. Na mvuvi wa Ubwari, ng'ambo ya maji, hawezi kuiacha taa yake Baraka juma zima ingojee kioo. Baba alipima kwa kamba, kamba ikavutika. Alipima kwa kijiti, vijiti vikachanganyika. Ndipo udongo ukaingia.

Hapo kwenye udongo ndipo nilipokuwa nikitega sikio. Nilipokuwa na miaka kumi Baba alisema hivi, akimtaja Mama, mke wake: "Bibi yangu Suzanne, fundi wa vyungu, alileta udongo wake, akakandamiza shingo ya taa ndani, akaniambia, kioo chako kifuate hii." Nilipomaliza darasa la tano kwa masista alikuwa akisema: "Tukaleta udongo." Na mwaka wa 1956 nilimsikia akimwambia mwalimu mmoja aliyetoka Fizi: "Nikakaa, nikafikiri, nikasema, kwa nini si udongo?"

Mama alikuwepo siku ile, amechuchumaa mlangoni, anakanda. Hakuinua kichwa. Alizidi tu kukanda, mpaka maji yakatoka pembeni ya udongo.

Kazi ilikwenda hivi. Mwezi ukiwa mkubwa ndagala, wale samaki wadogo, hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Siku hizo ndizo walizovuka kuja kwetu na taa zao. Mama alichukua bonge la udongo la kujaa kiganja, akazungusha ukanda wa ganda kavu la mgomba kwenye shingo ya taa, akaikandamiza kwenye udongo, akaitoa. Shimo la duara likabaki, nasi tuliliita alama. Mwenye taa alichora ishara yake pembeni, samaki, au kasia, au msalaba, akarudi na taa yake siku ile ile. Alama ile ilikauka kivulini siku nne. Baba alikata kijiti cha upana wa shimo, akapuliza kioo kifuate kijiti, akakilaza kwenye majivu ya moto siku mbili kipoe polepole. Giza la mwezi lilipokaribia mvuvi alikuja kuchukua kioo chake, na kikifika kwake kilivaa shingo ya taa bila kucheza.

Miaka sita tulifanya hivyo. Kisha ubao ukaja.

Mtu wa serikali kutoka bureau ya Fizi alipita akasema kila kiwanda kiwe na jina lililoandikwa. Baba mdogo Anatole akapata rangi nyeupe kwa watu wanaopaka mitumbwi, akaandika herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Ubao ukapandishwa juu ya mlango. Mama, ambaye hakuwahi kuingia shule, aliniita.

"Soma."

Nikasoma: "Casimir na Ndugu, Vioo vya Taa, Baraka."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Udongo iko wapi hapo?"

Baba alikuwa juu ya kigoda, ameshika nyundo. "Suzanne, ubao ni mudogo."

"Aa," Mama akasema. "Ubao ni mudogo."

Akanawa mikono. Asubuhi yake alifunga kikapu akaenda kwao Lubondja, eti anamsaidia kaka yake kupanda mihogo. Ilikuwa mwezi wa saba, ardhi imekuwa jiwe, hakuna mtu aliyekuwa akipanda kitu. Mimi aliniambia njiani, nilipomsindikiza mpaka mto Mutambala: "Siku jina langu litakaa pale juu, nitashuka. We kaa. Angalia."

Kukaa na kuangalia nakujua. Ndiyo kazi niliyopewa tangu nizaliwe.

Mwezi ulipokuwa mkubwa mzee Jacques wa Ubwari alifika na mtumbwi uliojaa taa. Huyu ndiye aliyekuwa mteja wetu wa kwanza kabisa, na watu wa vijiji vyake walimfuata yeye. Safari hii alileta taa ishirini na mbili, maana upepo wa mwezi uliopita ulikuwa umewavunjia vioo vingi.

"Suzanne iko wapi?" akauliza, hata hajakaa.

"Iko Lubondja, anapanda mihogo," Anatole akajibu.

"Mu kiangazi?" Jacques akacheka. "Basi mihogo ya kwenu inakunywa jua."

Anatole alikuwa amekwisha kunja mikono ya shati, akashika udongo wa Mama, akachukua taa ya kwanza na kuikandamiza hivyo hivyo, chuma kitupu.

"Baba mudogo," nikasema, "Mama anazungushaka kwanza ganda la mugomba."

"Ile ni ya kuzuia udongo usishike mu taa. Mi niko na maji, nitaosha."

"Si ya kuzuia. Udongo ukikauka unapunguka. Ganda linaongeza shimo kwanza, kiasi ile udongo itapunguza."

Anatole akawageukia watu wa Jacques. "Mumesikia? Basista walimufundisha kusoma na kuandika, kumbe walimufundisha na taa."

Wakacheka. Nikamtazama Baba. Baba alikuwa akichagua chupa za kuvunja, akiziinua mwangani moja moja.

"Baba."

"Alama za hapa hazijasema uongo hata siku moja, Pulchérie. Miaka sita. Uliza Jacques."

"Hazijasema uongo," Jacques akakubali.

Ni kweli, hazikusema. Nilitaka kumwambia kwamba ni kwa sababu ya mikono ya aliyezifanya, lakini Baba alikuwa amekwisha anza hadithi, yuko Albertville, Mgiriki anafunga kazi.

Jacques akaondoka na taa zake. Mimi nikachukua taa yetu ya nyumbani, nikaikandamiza kwenye bonge moja kama Anatole alivyofanya, bila ganda, nikaiweka alama yangu katikati ya zile ishirini na mbili, kivuli kimoja, hewa moja. Siku ya tano nikajaribu kuirudisha shingo ya taa kwenye shimo lake lenyewe. Haikuingia. Ilikaa juu juu, inayumba.

Nikampelekea Baba, taa mkono mmoja, udongo mkono mwingine. Alijaribu. Akaigeuza taa, akajaribu tena. Nikaona uso wake unaanza kufikiri, nikajisemea, leo.

Anatole akaja akachungulia. "Uliikausha karibu na moto."

"Ilikuwa pamoja na zenu."

"Basi mukono wako ulitetemeka."

"Mukono ukitetemeka shimo linakuwa kubwa, Baba mudogo. Hili ni dogo."

"Sikia huyu! Casimir, kiwanda iko na mukubwa mupya."

Ule uso wa kufikiri ukafungika. Baba akanirudishia taa. "Nenda vuta mivukuto. Moto unalala."

Nikavuta mivukuto. Siku tatu. Sijui kama mtu anaweza kuelewa jambo hilo, kuvuta mivukuto kwa mikono yako ili moto uwake vizuri, ili kioo kiyeyuke vizuri, ili baba yako ajaze mashavu mpaka mishipa ya shingo imtoke, na kila pumzi yake inaingia kwenye kioo ambacho wewe unajua hakitakaa. Nilitazama kila kimoja kikizaliwa. Vilikuwa vizuri, hilo lazima niliseme. Vyeupe, vyepesi, vimenyooka. Baba hakuwahi kupuliza vizuri kama juma lile, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili Anatole alisema, "Mivukuto!"

Mtumbwi wa Jacques ukaja kuchukua. Taa zilikuwa zimebaki Ubwari, kwa hiyo hakuna aliyejaribu kitu. Wakafunga vioo kwenye majani makavu, wakapiga makasia.

Siku ya tatu ya giza, mchana, Jacques alirudi. Hakusalimu. Aliingia na taa moja ameishika mbele yake kama mtu anayebeba yai, na kioo chake kimefungwa kwa nyuzi za wavu, juu, chini, pembeni, na kitambaa katikati.

"Casimir. Angalia mwana wako."

Baba akapokea taa.

"Kioo imekaa juu kama kofia ya mutoto ku kichwa ya muzee," Jacques akasema. "Wimbi moja, kofia mu maji. Tisa vimekwisha kwenda. Batu wa Kazimia wanavua, sisi tunakaa pwani tunawaangalia. Mi nimefunga yangu hivi, bibi yangu ananiuliza kama taa inaumwa meno."

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilitaka.

"Taa zenu," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "pengine zimenona."

"Zimenona?" Jacques akaweka mikono kiunoni. "Zimekula nini, Casimir, na sisi hatujakula?"

Anatole akasema ni makaa, makaa ya mwezi huu yalikuwa mabichi. Kisha akasema ni chupa. Kisha akanitazama mimi, akasema pengine kuna mtu aliyezigusa alama zikiwa mbichi. Nilisimama pale na mikono yangu yenye malengelenge ya mivukuto.

"Mi sitaki kujua," Jacques akasema. "Taa zote ziko mu mutumbwi. Nakaa kwa shemeji yangu hapa Baraka juma moja. Mukizipima vizuri, giza lijalo tutavua. Mukizipima hivi tena, tutazitupa, tununue za mashini pamoja na vioo vyao, na Ubwari yote haitavuka tena kuja hapa. Batu wangu wamenituma niseme vile."

Alipotoka, Baba alikaa juu ya rundo la kuni. Kisha, bila kunitazama: "Lile ganda. Mama yako alizungusha mara ngapi?"

Mara mbili kwa udongo wa Mutambala. Mara tatu kwa ule mweusi wa bondeni, ambao Mama aliutumia masika. Nilijua hivyo kama ninavyojua njia ya kisimani. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, na lingetoka, maana nilikuwa nimelibeba tangu mwezi mkubwa nikimtafuta wa kumpa. Hapo ndipo nilipoona. Nikilisema, Anatole atazungusha ganda, vioo vitakaa, Jacques atafurahi, Baba ataongeza ganda kwenye hadithi yake, na hakuna mtu atakayekuwa na haja ya kupanda Lubondja. Mama atapanda mihogo mpaka azeeke.

Na nisiposema, nitaivunja nyumba ile ile ninayotaka airudie.

"Sijui, Baba. Mwenye kujua iko Lubondja."

"Ulikuwa unaangalia kila siku!"

"Nilikuwa navuta mivukuto."

Anatole akasema tuzungushe mara moja, tujaribu. Baba akamuuliza kama anajua udongo unakauka siku ngapi, na Jacques anakaa siku ngapi.

"Utaenda Lubondja kesho," Baba akaniambia. "Umuulize tu. Usimuite. Umuulize."

Nikatembea siku nzima. Nilimkuta Mama ukumbini kwa kaka yake, anamenya karanga, na nyuma yake vyungu vipya vimepangwa. Mihogo sikuiona.

"Amekutuma kuniita ao kuniuliza?"

"Kukuuliza."

"Basi rudi, useme umeuliza."

Nikaketi. Miguu ilikuwa ikiwaka. "Mama, Jacques ataondoka."

"Jacques anaondoka, mi niliondoka. Wote tuko na miguu." Akamenya karanga tatu, nne. Kisha akanitazama usoni. "We unajua ni mara ngapi."

"Najua."

"Umewaambia?"

"Mwanzoni niliwaambia habari ya ganda, wakacheka. Sasa wananiuliza, mi nimekataa."

Alinisogezea karanga zote alizomenya.

Nilirudi kesho yake. Baba aliposikia jibu alipiga teke debe la maji, kisha akaenda kuliokota mwenyewe. Akamwita Anatole, wakanong'ona, Anatole akakwangua mabaki ya rangi kwenye kopo. Nikaona ngazi inawekwa. Chini ya CASIMIR NA NDUGU, herufi nyembamba: NA BIBI.

"Rudi," Baba akasema. "Mwambie ameandikwa."

"Baba, ameandikwa vipi?"

"Pulchérie! Herufi huzioni? Rudi."

Nikarudi Lubondja. Wanawake wa njiani walianza kuniuliza kama nimepoteza mbuzi. Nilimwambia Mama neno lile lile nililotumwa, ameandikwa, wala sikuongeza, maana nilijua nikiongeza hatakuja. Akachukua kikapu chake cha udongo, akaja. Safari nzima nilitembea nyuma yake na aibu yangu.

Tulifika siku ya sita ya Jacques. Alikuwa pale, na watu wake, na taa zao zimepangwa ukutani. Mama hakumsalimu mtu. Alisimama chini ya mlango, kikapu kichwani.

"Soma."

"Casimir na Ndugu na Bibi, Vioo vya Taa, Baraka."

"Bibi nani?"

"Bibi tu, Mama."

Akashusha kikapu, akakaa juu ya rundo la kuni, akakipakata magotini. Baba akatoka ndani anajifuta jasho. "Suzanne. Si umeona? Umeandikwa."

"Mi sijaona. Nimesomewa. Kuna bibi mumoja hapo juu, simujui."

"Bibi yangu ni nani kama si weye?"

Jacques akakohoa. "Casimir, babibi ni wengi Baraka hapa. Hata mi niko na wawili, na hakuna mumoja anaitikaka jina la mwenzake."

"Rangi imekwisha!" Anatole akapiga kelele kutoka ndani. "Kopo ni tupu! Aje afanye kazi, rangi tutatafuta!"

Mama akaufunika udongo wake kwa kitambaa kibichi, polepole, kama mtu anayejitayarisha kwa safari. Baba aliona mkono ule. Aliwatazama watu wa Ubwari, akazitazama taa ukutani, kisha akaenda kwenye tanuru. Alirudi na bomba la Mgiriki, ncha yake nyekundu.

"Pulchérie. Shusha ubao. Andika jina na makaa. Mi nitafuata."

Nikaandika SUZANNE, kwenye nafasi iliyobaki, kwa herufi kubwa kama za Anatole. Baba akafuata mistari yangu kwa chuma cha moto, moshi unamwingia machoni, anakohoa, ananung'unika kwamba masista wanafundisha majina marefu. Nafasi ilikwisha kabla ya jina. Herufi mbili za mwisho zikashuka pembeni mwa ubao, kama watu wanaoshuka mtumbwini.

"Limekaa?" Mama akaniuliza.

"Limekaa."

"Soma."

"Suzanne."

Akasimama. Akaingia, akachukua taa ya kwanza ukutani, akachana ukanda wa ganda la mgomba kwa kucha. Anatole alikuwa amesogea karibu sana, shingo mbele.

"Shemeji," Mama akasema, "angalia ziwa kidogo."

Anatole akageuka akaangalia ziwa mpaka taa zote ishirini na mbili zikaisha kupimwa, na Jacques akimsimamia asigeuke.

Vioo vilikaa. Giza lililofuata watu wa Ubwari walivua, ingawa mwezi mzima ulikuwa umekwisha kuwapotea, na mpaka leo Jacques ananinyooshea kidole mimi, si Anatole, kila akikumbuka kwamba nilijua nikanyamaza.

Baada ya majuma mawili mfanyabiashara mmoja wa Kazimia alikuja kuulizia vioo. Alisimama mlangoni akautazama ubao, akauliza jina lile la moto ni la nani. Baba akavuta kigoda, akamwekea. Akaanza Albertville, kwa Mgiriki, akafika kwenye bomba, kwenye kamba iliyovutika, kwenye udongo.

"Sasa mwaka huu," Baba akasema, "nikakaa, nikafikiri, nikasema, kwa nini jina la bibi yangu lisikae pale juu?"

Mama alikuwa mlangoni, anakanda. Maji yakatoka pembeni ya udongo.

Nami nikavuta mivukuto.